Kabla Hujachagua Bunduki

Itigi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Hamisi,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa shangazi yako hakuna kuaga kwa haraka. Atakupikia, atakuombea dua, atalia, kisha ataona hujashiba aanze kupika upya. Basi nimepata nafasi. Nimeketi barazani, madebe ya asali nimeyafunika, nikasema leo niandike, maana kesho stesheni kutakuwa na watu wengi na mimi nikianza kuongea mbele za watu nitasema mambo ya mizigo tu.

Barua hii naiweka chini ya mashati. Isome treni ikishapita Manyoni.

Sitakuandikia habari za kufua nguo wala kula kwa wakati. Kama hukuyashika hayo ukiwa kwangu, karatasi haitakusaidia. Nataka kukujibu swali lako la juzi.

Juzi ulikuja na kile kitabu cha picha ulichopewa na kampuni yako mpya ya uwindaji, ukakitandaza mezani, ukaniambia, "Mama, nikifika Arusha wananipeleka dukani nichague bunduki yangu mwenyewe. Ya bolti. Wewe umeshika bunduki miaka yote, nichukue ipi?" Ukaniwekea kidole kwenye ile ndefu, yenye mtutu mnene na darubini kubwa kama chupa. Mimi nikasema, "Chukua utakayoiweza," nikageukia sufuria. Ulicheka, lakini nilikuona umenywea. Nisamehe, baba. Ile picha niliitazama mara moja tu nikakumbuka mambo mengi kwa pamoja, nikaona nikianza kuyasema ugali utaungua.

Wewe ulipata akili ukanikuta tayari nina sare ya kijani. Kwako mama mwenye bunduki lilikuwa jambo la kawaida kama mama mwenye jembe. Haikuwa kawaida. Mimi nilikuwa msichana wa Kinampanda, nimemaliza shule, nalima na mama yangu, yakaja mafunzo ya mgambo. Siku ya shabaha tulilazwa chini kwenye majani makavu, tukapewa bunduki za zamani za bolti, nzito, zinanuka mafuta ya taa. Wavulana walikuwa wanafumba macho kabla ya kufyatua. Mimi sikufumba, kwa sababu tu hakuna aliyeniambia kwamba itanipiga teke. Risasi zangu zilikaa pamoja. Mkufunzi akadhani nimebahatisha, akanilaza tena, zikakaa pamoja tena. Baadaye ofisi ya wanyamapori ya wilaya ilipotafuta askari, jina langu likapelekwa. Babu yako alinuna. Bibi yako akasema, "Mwacheni aende, huku mahindi yanaliwa na nguruwe na hakuna mwanaume anayewapiga." Ndivyo nilivyofika Itigi.

Zamani zile hakukuwa na kuchagua. Ulipewa bunduki kama unavyopewa jina. Yangu ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Kitako kilikuwa na ufa uliofungwa waya. Mtutu ulivuta kushoto kidogo, nami nikajifunza kulenga kulia kidogo, ikawa hatugombani. Ila ilinionea begani. Kila nikifyatua, kitako kilikuwa kinanichapa kwenye mfupa wa juu, nikirudi nyumbani siwezi kuinua ndoo. Nikadhani ndivyo bunduki zilivyo, na kwamba wanaume wote wanaumia namna hiyo, wanajikaza tu.

Siku moja ule ufa ukazidi, nikaambiwa kuna fundi seremala kijana pale karibu na stesheni, mikono yake mizuri. Nikampelekea. Alikuwa anatengeneza kitanda. Akaifuta mikono, akaipokea bunduki kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, akaigeuza, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Hapana," akasema. "Hii ni ya mtu mwenye mikono ya twiga. Wewe unaiazima."

Nilikasirika. Nikamwambia afunge ufa anipe bunduki ya serikali niende zangu. Yeye akaniambia, "Kunja mkono, kiwiko kikae hivi." Akaweka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko changu, akaniambia ninyooshe kidole nifikie kifyatulio. Sikukifikia. Kidole kiliishia hewani. Akasema, "Unaona? Ndiyo maana unaikimbilia kwa shingo. Inakuona unakuja, inakupiga."

Yule ndiye baba yako, Selemani, na hayo ndiyo maneno ya kwanza ya maana aliyoniambia. Wengine walitongozwa kwa khanga.

Alichonga kitako kipya cha mninga, kifupi, shavu lake limelala chini kwa ajili ya shavu langu. Kila baada ya siku chache aliniita nikipime, akikwangua kidogo hapa, kidogo pale. Nilijua kazi ile ingeweza kwisha mapema, naye alijua kwamba najua. Bwana Nyama wa wilaya, yule afisa wanyamapori wetu, alipokuja kukagua silaha aliuliza nani ameruhusu mali ya serikali kuchongwa. Mzee Chilongani akadakia, "Mchwa, bwana. Walikula kile cha zamani." Bwana Nyama akaikamata, akalenga ukutani, akaiona fupi kwake, akanirudishia.

Mzee Chilongani wewe umemjua akiwa babu wa kukupa miwa. Wakati ule alikuwa askari mkuu wa kituo, Mgogo mrefu mwembamba, anatembea porini kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mimi nilikuwa namwamkia shikamoo asubuhi na kuchekwa naye jioni.

Basi hilo ndilo la kwanza la kuangalia dukani, Hamisi. Kabla hujauliza inapiga mbali kiasi gani, iweke kwenye mkunjo wa kiwiko. Halafu fumba macho, iinue begani kama kuna kitu kinakujia, ndipo ufumbue. Kama ndani ya darubini unaona duara zima lenye mwanga, hiyo inakujua. Kama unaona giza na kuanza kutafutatafuta kwa shingo, irudishe, hata iwe imepambwa vipi. Wewe mikono umerithi kwa babu yako, huenda zile ndefu zikakukaa. Lakini usiamini, pima.

Yale niliyoyakumbuka nikiwa kwenye sufuria yalikuja baadaye.

Ulikuwa bado mdogo mambo yalipofunguliwa. Sijui kama unakumbuka maduka ya hapa Itigi yalivyokuwa kabla, rafu tupu na muuzaji amekaa anajipepea. Kisha ghafla vitu vikaja: sabuni za rangi, baiskeli, redio, mitumba mpaka ikawa inauzwa chini. Na porini nako kukafunguliwa. Kampuni za uwindaji zikaja na magari yao, zikagawiwa vitalu, wageni wakaanza kushuka. Moja ya kampuni hizo, siyo hii yako, ilitaka kuelewana na ofisi yetu, ikaleta bunduki tatu mpya za zawadi. Bwana Nyama akaziweka kwenye meza, juu ya blanketi, akatuita. Mzee Chilongani akasema yeye hataki, yake inamtosha. Bwana Nyama akanigeukia: "Basi wewe, Mama Hamisi, ndiye mlengaji wetu. Chagua."

Mwanangu, sijawahi kuambiwa neno hilo na serikali. Chagua! Nilizitazama zile bunduki mpaka nikaona aibu.

Moja ilikuwa fupi, nyeusi, haina darubini, ina vilengeo vya chuma tu, ya risasi kubwa za 375. Haikuwa na uzuri wowote. Ya pili ilikuwa nzuri sana, kitako kimechorwa majani. Hiyo niliijaribu, ikapiga vizuri, boksi la risasi likaisha, tukauliza risasi nyingine zinapatikana wapi. Manyoni hakuna, Dodoma hakuna, Dar es Salaam tuliandika tukajibiwa tuagize Ulaya. Ikalala kwenye ghala na majani yake. Kwa hiyo dukani muuzaji akishamaliza kusifia, muulize risasi. Si za leo. Za mwaka wa kesho, ukiwa kambini, gari limeharibika na mvua imeanza.

Ya tatu ndiyo ile ya kwenye kitabu chako, au pacha wake. Ndefu, mtutu mnene, darubini kubwa. Nilikwenda nayo mbugani, kule majani yanakoisha kunabaki udongo mweupe, nikaweka kopo mbali sana. Nikalala, nikaivuta bolti, ikateleza kama kisu kwenye siagi. Kifyatulio hakikuburuta, kilikatika tu kama njiti ya kiberiti. Kopo likaruka. Nikaweka lingine mbali zaidi, nalo likaruka. Ndani ya darubini nilikuwa naona herufi za kopo! Nilicheka peke yangu mbugani kama mwehu.

Nilipofika nayo nyumbani baba yako aliishika, akaipima uzito, akasema, "Mrembo huyu. Nani atambeba?"

"Mimi."

"Na kule vichakani atapita wapi?"

Nikamwambia yeye anajua mbao, mimi najua bunduki. Aliokota randa, akaendelea na kazi. Baba yako ndivyo alivyokuwa, unakumbuka.

Ile yangu ya zamani ikarudishwa ghalani, ikaandikwa kuukuu, ikapakiwa kwenye lori pamoja na nyingine, ikaenda zake. Sikuiaga. Nilikuwa nimeshika mpya. Mpaka leo nikipita mbele ya karakana ile, ambayo sasa wanauzia soda, huwa nawaza kwamba kuna stoo fulani ya serikali ina kitako cha mninga chenye shavu la msichana wa Kinampanda, na hakuna anayejua ni cha nini.

Sasa ngoja nikueleze habari ya mguu wa Mzee Chilongani. Kwamba alivunjwa na tembo unajua. Habari ya bunduki sikuwahi kukueleza vizuri.

Majangili walimjeruhi tembo dume kwa gobore, akawa anazunguka mashambani ana hasira na maumivu. Alibomoa vihenge, akamkimbiza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Tukaitwa. Tukafuata damu mpaka ikaingia vichakani. Wewe umepita humo, unajua msitu wa Itigi ulivyo: miti myembamba imesongamana kama nywele, mbele huoni hata umbali wa kutupa kiatu, unapita kwenye njia alizofungua tembo mwenyewe. Mzee Chilongani akatangulia na bunduki yake kuukuu. Mimi nyuma na yule mrembo. Kila hatua mtutu unanasa. Nauchomoa huku, unanasa kule. Mikono ikaanza kuchoka kwa uzito, jasho likaziba kioo cha darubini, nikakifuta kwa kola.

Hatukumsikia. Mnyama mkubwa namna ile, na hatukumsikia. Kichaka kilifunguka tu. Nikainua bunduki, mtutu ukanasa, nikauvuta, nikaweka jicho, na ndani ya darubini sikuona tembo. Niliona kijivu. Kijivu kitupu, chenye mikunjo na vinyweleo, kimejaa duara lote. Sikujua kama nalenga kichwa au goti. Ile darubini iliyonisomea herufi za kopo haikuweza kuniambia tembo yuko wapi, naye yuko mbele yangu!

Mzee Chilongani hakulenga. Alifyatua bunduki ikiwa kiunoni. Tembo akayumba, akageuka ubavu, akapita, na katika kupita akamsukuma mzee kwenye miti. Nilisikia mfupa. Mimi nikaishusha ile darubini usoni, nikaunyoosha mtutu kama mtu anayeonyesha njia kwa fimbo, nikapiga nyuma ya sikio wakati anapita. Alikwenda mbele kidogo, akaanguka. Kichaka kizima kikatikisika.

Tulimtoa mzee kwa blanketi. Siku ya pili nilikwenda hospitali, nimepika kuku. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama mpaka machozi yakanitoka. Kisha akaniuliza, "Binti, hivi jana ulikuwa unamlenga yule tembo au unamsoma?"

Akacheka mpaka muuguzi akaja kumkataza. Nami nikacheka huku nalia. Alichechemea tangu siku ile, na hakuwahi kunitajia tena jambo hilo isipokuwa kwa utani. Lakini mimi nilipofika ofisini nilichukua ile fupi nyeusi isiyo na uzuri, nikampelekea baba yako anikatie kitako. Alikata bila kusema "nilikwambia." Hiyo ndiyo ndoa, Hamisi, ukipata mtu wa kukata kitako bila kusema neno hilo, muoe.

Kwa hiyo unaweza kudhani nataka kukukataza ile ndefu ya kwenye kitabu. Sikukatazi.

Miaka ikapita, wakaja watu wa kijiji kimoja cha upande wa kusini. Simba alikuwa amemuua mfugaji wao, mtu mzima mwenye familia, alipokwenda kumwokoa ndama. Kule hakuna vichaka, ni mbuga tupu iliyolishwa mpaka udongo. Mzee Chilongani, wakati huo amebakiza muda mfupi astaafu, akaniambia, "Mtoe yule mrembo." Nilikuwa sijamgusa tangu siku ya tembo. Nikamsafisha, nikamjaribu asubuhi, risasi ya kwanza kabisa mtutu ukiwa wa baridi. Hilo nalo likumbuke. Dukani watakuonyesha karatasi yenye matundu yaliyokaa pamoja kama mbegu za tikiti. Hayo yamepigwa mtutu ukishapata moto. Porini unapewa ile ya kwanza tu, kwa hiyo jua bunduki yako inapeleka wapi ya kwanza.

Tulimkuta simba amelala peke yake kando ya mzoga wa punda. Alikuwa mbali, umbali ambao mtu akipasua kuni unaona shoka linashuka kwanza ndipo unasikia. Kumsogelea hakuna pa kujificha. Nikalala kifudifudi, nikaweka mtutu juu ya gunia la pumba. Mzee Chilongani akachuchumaa pembeni na mguu wake ule. Nyuma yetu wakasimama wafugaji na mikuki, na kaka wa marehemu mbele yao.

Nikamwona simba vizuri kabisa, mpaka inzi masikioni. Kidole kikakaa mahali pake. Halafu nikaona nyuma yake, juu kidogo ya mgongo, mstari ulionyooka. Udongo haunyooki vile. Nikatazama tena. Ilikuwa paa la tembe. Unajua matembe yalivyo, paa la udongo, ukuta wa udongo, kwa macho matupu yanapotea ndani ya nchi. Kando ya ukuta kitu kikasogea, cheusi.

"Piga, mama," yule kaka akasema.

"Nyuma yake kuna nyumba."

"Nyumba gani? Hakuna nyumba pale!"

"Ipo. Kuna na mtu."

"Ndugu yangu amezikwa, simba yuko pale amelala, na wewe unaniambia habari ya nyumba?" Akawageukia wenzake. "Serikali imetuletea mwanamke wa kutazama."

Wakaanza kunung'unika, mwingine akasema anipokonye apige yeye. Mzee Chilongani akasema bila kugeuka, "Atakayemgusa ataanza na mimi, na mimi ni mbovu mguu mmoja tu."

Nilitoa kidole kwenye kifyatulio. Wewe hujui ilivyo kazi hiyo, na utaijua. Kuweka kidole ni rahisi. Simba akainuka. Akajinyoosha kama paka wa jikoni, akaanza kutembea kuelekea kwenye mkondo wenye miti, na nilijua akifika pale hatumpati, na usiku atarudi kwa watu wale wale walio nyuma yangu. Nikamfuata kwa darubini. Moyo unanipiga mpaka alama inacheza juu ya ngozi yake. Nikasema kimoyomoyo, simama, simama, simama. Hakusimama. Alipita mbele ya kichuguu kikubwa chekundu, akakaribia kukimaliza, kisha sijui alisikia nini, akageuza kichwa kututazama. Nyuma yake kulikuwa na kichuguu tu.

Mlio siukumbuki. Nakumbuka bega, na kimya, na kisha vigelegele na watu wananiruka.

Wao walikimbilia simba. Mimi miguu ilinipeleka kwenye lile tembe. Nikamkuta bibi mmoja kizee kando ya ukuta, anapepeta mtama, kitambaa cheusi kichwani. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Mnapiga ngoma gani huko asubuhi yote hii?"

Nikamwambia tulikuwa tunafukuza simba. Akasema vizuri, wamekuwa wasumbufu. Akanitazama, akadhani nina njaa, akaniletea uji kwenye kibuyu. Nilipokuwa nakunywa, yule kaka wa marehemu akafika, amenifuata kunipa mkono. Akamwona yule bibi. Akatazama kule simba alikokuwa amelala mwanzoni, akavuta mstari kwa macho mpaka pale tuliposimama. Akavua kofia. Alinibebea begi langu mpaka kwenye gari na hakukubali mtu mwingine alishike.

Jioni nilimsimulia baba yako yote. Akaniuliza, "Uji uliumaliza?" Nikasema nimeumaliza. "Basi u mzima," akasema, akanivutia kigoda.

Miaka michache baadaye nilipunguzwa kazi pamoja na wengine, nikakabidhi bunduki zote, nikasaini. Baba yako akafuata njia yake ya haki. Sasa nauza asali kwa abiria kupitia madirisha ya treni na siumwi bega. Lakini nakuambia kweli, kuna asubuhi za kiangazi, hewa ikiwa safi na upepo haujaamka, mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe.

Kwa hiyo, jibu. Waulize kwanza watakupeleka kitalu gani, mbuga au vichaka, ndipo ushike kitu. Ukipewa kuchagua moja tu, chukua yenye mtutu wa wastani na darubini inayoshuka mpaka ukuzaji mdogo kabisa, na chini yake iwe na vilengeo vya chuma, siku kioo kikiingia jasho. Darubini isikae karibu na jicho, itakuchana nyusi, na mgeni hamwamini mwindaji mwenye plasta. Bolti ivute ikiwa begani, usiishushe, ione kama inameza risasi bila kusitasita. Ibebe ndani ya duka muda mrefu, mpaka muuzaji achoke kukutazama. Ikianza kukuchosha dukani, porini itakuua.

Hayo ni ya bunduki. Linalonikosesha raha mimi halipo dukani.

Hapa ulikuwa mfuatiliaji nyayo, unaonyesha kwa kidole, wengine wanaamua. Sasa utasimama karibu na mgeni aliyelipa fedha ambayo mimi na wewe hatuwezi kuihesabu, amebakiza siku ya mwisho, na bosi wako yuko kwenye redio. Mnyama atakuwa amesimama vizuri. Wote watakuwa wanasema piga. Na wewe utaona kitu nyuma yake, au utadhani umekiona, na hutakuwa na hakika, na hakutakuwa na Mzee Chilongani wa kuwazuia watu kwa mguu wake mbovu.

Siku hiyo ushushe mtutu. Wakikuambia hakuna nyumba, ushushe. Wakikucheka, wakikutukana, wakikuandikia barua ya kukufukuza, ipokee, uikunje, upande treni. Na ukifika hapa katikati ya msimu, usitafute njiani maneno ya kunieleza kwa nini umerudi. Piga hodi tu, mwanangu. Mimi sitakuuliza. Nitakuwekea maji ya kuoga.

Ni mimi mama yako,
Eliwaza